H. pylori na saratani ya tumbo: maswali tunayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya ni ya watu waliotoka maabara na karatasi inayosema wana H. pylori, wakaingia kwenye simu kutafuta maana yake, wakakutana na neno "kansa" na usingizi ukaisha. Wengine ni watoto wa wazazi waliofariki kwa saratani ya tumbo, nao wanataka kujua kama zamu yao inakuja. Majibu haya hayachukui nafasi ya daktari wako, ila yatakusaidia ujue la kumwuliza.

Nimeambiwa nina H. pylori. Je, nina kansa?

Hapana. Una bakteria. Takriban nusu ya watu duniani wanaye, na katika nchi nyingi za Afrika walio naye ni wengi kuliko wasio naye. Kati ya watu 100 walioambukizwa, 10 hadi 15 hivi hupata vidonda vya tumbo wakati fulani maishani, na mmoja hadi watatu hupata saratani ya tumbo, kwa kawaida baada ya miongo kadhaa. Waliobaki wanaweza kuzeeka naye wasijue kama yupo.

Hata hivyo usiitupe karatasi hiyo. Ukiwatazama wagonjwa wa saratani ya tumbo wenyewe, hasa ile inayoota chini ya mlango wa juu wa tumbo, mahali umio unapoishia, takriban 9 kati ya 10 ugonjwa wao unahusishwa na bakteria huyu. Kauli hizi mbili hazigombani. Si kila anayeng'atwa na mbu hulazwa, lakini aliyelazwa kwa malaria aling'atwa na mbu.

Tumbo lina tindikali kali. Bakteria anaishije humo?

Jambo hilo liliwashinda hata madaktari kuliamini. H. pylori amejisokota kama skurubu na ana mikia midogo inayomsukuma, hivyo hakai katikati ya tindikali bali anajichimbia kwenye ute mzito unaofunika ukuta wa tumbo. Pia hutengeneza kimeng'enya kiitwacho yurease, kinachovunja yurea na kutoa amonia, na amonia hiyo huipunguza makali tindikali iliyomzunguka. Anatembea na mwavuli wake. Vipimo viwili kati ya vile nitakavyovitaja chini hufanya kazi kwa kuunasa mwavuli huo.

Nani aligundua haya? Zamani tuliambiwa vidonda vya tumbo vinaletwa na mawazo.

Tuliambiwa, na wengi bado wanaambiwa. Robin Warren, mtaalamu wa patholojia mjini Perth, Australia, alianza kuwaona bakteria hawa kwenye vipande vya tumbo mwaka 1979. Baadaye akajiunga naye daktari kijana, Barry Marshall. Walijaribu kuwaotesha maabara wakashindwa mara nyingi, hadi sikukuu ya Pasaka ya 1982, sahani za maabara zilipoachwa siku kadhaa zaidi ya kawaida. Waliporudi, bakteria walikuwa wameota. Kumbe wanakua polepole, na siku zote zile sahani zilikuwa zikitupwa mapema mno.

Wakubwa wa fani hawakushawishika. Mwaka 1984 Marshall akanywa mwenyewe mchuzi wa bakteria hao. Siku chache baadaye alikuwa akitapika, na kipande kilichotolewa tumboni mwake kilionyesha ukuta ulioumia kwa mwako, yaani uvimbe wa mwili unaopambana na maradhi. Mwaka 2005 wote wawili walipewa Tuzo ya Nobel ya tiba. Kabla ya ugunduzi huo mtu aliweza kuishi miaka 20 akitulizwa tindikali, au akatwe sehemu ya tumbo, kwa ugonjwa ambao leo dawa za wiki mbili huuondoa.

Bakteria anageukaje kuwa saratani?

Hageuki yeye. Seli za tumbo lako ndizo zinazogeuka, baada ya kuishi miaka mingi kwenye vita visivyokwisha.

Njia hii ilielezwa hatua kwa hatua na Pelayo Correa, mtaalamu wa patholojia kutoka Colombia. Kwanza ukuta wa tumbo unawaka: askari wa mwili wanakuja kumfukuza bakteria, wanashindwa kumtoa, lakini hawaondoki. Mwako huo ukidumu miaka, tezi zinazotengeneza tindikali zinaanza kufa na ukuta unakuwa mwembamba. Kisha panapotokea pengo, mwili unapanda seli zisizo za hapo, zinazofanana na za utumbo. Ni kama shamba la mahindi lililochoka likaanza kuota nyasi za bondeni. Hatua inayofuata ni seli zenye sura mbaya zisizofuata utaratibu, na mwisho saratani yenyewe. Kila hatua inaweza kuchukua miaka, na watu wengi hukwama njiani wasifike mwisho.

Aina nyingine za H. pylori ni kali zaidi. Zile zenye protini iitwayo CagA zina kitu kama sindano, zinaichoma seli ya tumbo na kuimwagia protini hiyo ndani, nayo inavuruga amri za seli za kukua na kushikamana na wenzake.

Sasa nakuomba usome hili mara mbili. Tezi za tindikali zinapokufa, tindikali inapungua, na kiungulia kinaweza kupungua pamoja nayo. Mtu anasema "siku hizi tumbo limetulia" kumbe ukuta wake ndio uliochakaa. Na kinyume chake kipo: mwenye kidonda mwanzoni mwa utumbo mwembamba, anayeamshwa na maumivu saa nane za usiku, kwa kawaida ana tindikali nyingi na hatari yake ya saratani ya tumbo ni ndogo kuliko ya wengine walioambukizwa. Maumivu hayakupi kipimo cha hatari.

Kuna ushahidi gani kwamba ni bakteria huyu na si kitu kingine?

Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lililo chini ya WHO lilimweka H. pylori kwenye kundi la kwanza la visababishi vya saratani mwaka 1994, kundi moja na moshi wa sigara.

Utafiti ninaoupenda kuueleza ni wa Japani, uliochapishwa 2001. Wagonjwa 1,526 walifuatiliwa kwa wastani wa miaka 7.8. Kati ya 1,246 waliokuwa na bakteria, 36 walipata saratani ya tumbo. Kati ya 280 wasio naye, hakuna hata mmoja.

Wengine wakauliza: je, ukimwondoa, saratani inapungua? Korea Kusini waliwachukua watu ambao mzazi, ndugu au mtoto wao aliugua saratani ya tumbo, wakawagawa kwa bahati nasibu, nusu wakapewa dawa na nusu vidonge visivyo na dawa. Baada ya takriban miaka 9, waliopewa dawa waliougua ni asilimia 1.2, na wale wengine asilimia 2.7. Kwenye visiwa vya Matsu, Taiwan, wakazi walianza kupimwa na kutibiwa kwa wingi mwaka 2004, na visa vipya vya saratani ya tumbo vikashuka kwa zaidi ya nusu ya ilivyotarajiwa.

Kama wengi Afrika wana H. pylori, mbona saratani ya tumbo si nyingi kama Japani?

Wataalamu waliliita fumbo la Afrika, na tangu 1992 wamekuwa wakibishana juu yake. Sehemu ya jibu ni kwamba tunahesabu vibaya. Saratani isiyotafutwa haihesabiwi, na mashine za kuangalia tumbo ziko kwenye hospitali chache za mijini. Bibi aliyekonda akafa kijijini anaandikwa "alikuwa na tumbo". Lakini si hesabu pekee. Aina ya bakteria, chakula na urithi wa damu wa mtu vinaingia pia.

Colombia, mkoa wa Nariño, kuna mfano unaofundisha sana. Watu wa mji wa Tumaco, pwani, na wa Túquerres, juu milimani, wote wameambukizwa kwa wingi, lakini wa milimani wanaugua saratani ya tumbo takriban mara 25 zaidi. Wachunguzi waligundua kwamba pwani, penye watu wengi wa asili ya Afrika, binadamu na bakteria wao wana chimbuko la karibu. Kule juu watu wenye asili ya wenyeji wa Amerika wamebeba bakteria waliotoka Ulaya, na ugeni huo ulikwenda pamoja na madhara makubwa zaidi. Sisi na H. pylori ni wa siku nyingi: uchunguzi wa vinasaba unaonyesha alitoka Afrika Mashariki ndani ya matumbo ya watu waliohama takriban miaka 58,000 iliyopita.

Usichukue fumbo hilo kama kinga, hasa ukiwa mtu wa milimani. Nyanda za juu za kusini magharibi mwa Kenya upande wa Bomet, Kilimanjaro, Rwanda, Burundi, Kivu na kusini magharibi mwa Uganda kumeripotiwa saratani ya tumbo kwa wingi kuliko maeneo mengine ya ukanda wetu. Anayetoka huko na ana ndugu wa damu aliyeugua asijifariji kwa wastani wa bara zima.

Pilipili na msongo wa mawazo je?

Vinaweza kuchokoza tumbo ambalo tayari linaumwa. Havileti H. pylori.

Na chumvi, sigara, nyama ya kukausha kwa moshi?

Hivi ndivyo vya kuogopa. Chumvi nyingi na vyakula vilivyohifadhiwa kwa chumvi au moshi huongeza hatari, na sigara pia. Bakteria pamoja na sigara ni wabaya kuliko kila mmoja peke yake. Matunda na mboga za majani huonekana kusaidia. Kuna pia familia chache zenye hitilafu ya urithi kwenye jeni iitwayo CDH1, ambazo huugua hata bila bakteria. Ukiona ndugu wawili au watatu wameugua wakiwa vijana, mwambie daktari bila kusubiri.

Nilipimwa kwa damu kidoleni nikaambiwa ninaye. Kipimo hicho kinatosha?

Mara nyingi hakitoshi, na hapa ndipo watu wetu wanapopoteza fedha. Kipimo cha damu kinatafuta kingamwili, yaani alama kwamba mwili wako uliwahi kupambana na bakteria. Alama hizo hubaki miezi na hata miaka baada ya yeye kuondoka. Nimekutana na watu waliotibiwa mara tatu au nne kwa sababu kila wakirudi kupima damu "bado yupo". Huenda aliondoka mara ya kwanza.

Vipimo vinavyoonyesha kama yupo sasa ni cha choo kikubwa kinachotafuta chembe za bakteria mwenyewe, cha pumzi, ambapo unakunywa yurea maalumu kisha unapuliza, na vipande vinavyotolewa wakati wa OGD, yaani kuangaliwa tumbo kwa mpira wenye kamera unaopitishwa mdomoni. Cha choo ndicho kinachopatikana kwa urahisi kwetu na bei yake huvumilika. Ukienda, sema wazi: "Nataka kipimo cha choo cha H. pylori, si cha damu."

Kuna sharti ambalo wengi hawaambiwi. Dawa za kupunguza tindikali, kama omeprazo, ziachwe wiki mbili kabla ya kipimo, na antibayotiki wiki nne. Bila hivyo bakteria hupungua kwa muda, kipimo kinamkosa, na unarudi nyumbani ukidhani umepona.

Natumia omeprazo tu na ninapata nafuu. Kwa nini nisumbuke?

Mama yangu mdogo alisema maneno hayo hayo. Alinunua vidonge duka la dawa kwa zaidi ya miaka kumi, na kila alipomeza alilala vizuri. Alipoanza kushiba kwa vijiko vitatu vya ugali tulidhani ni uzee. Siku aliyofanyiwa OGD, saratani ilikuwa imeshafika kwenye ini. Sijui kama kipimo cha mapema kingemwokoa, lakini najua hakuwahi kupimwa hata mara moja.

Omeprazo inatuliza tindikali, haimwondoi bakteria. Kama umeitegemea kwa miezi, na kila ukiiacha tumbo linarudi, hiyo peke yake ni sababu ya kupimwa.

Dawa za kumwondoa ni zipi, na kwa nini ni nyingi hivyo?

Ni mchanganyiko wa kipunguza tindikali na antibayotiki mbili au zaidi, kwa kawaida siku 14. Uliozoeleka ni omeprazo au ndugu zake, klarithromaisini na amoksisilini. Mwingine unaunganisha kipunguza tindikali, bismathi, metronidazo na tetrasaiklini. Ziko nyingi kwa sababu bakteria amejificha kwenye ute na dawa moja humfikia ikiwa dhaifu.

Usugu ndio tatizo kubwa. Mwaka 2017 WHO ilimtaja H. pylori sugu kwa klarithromaisini miongoni mwa vimelea vinavyohitaji dawa mpya kwa haraka. Kwetu metronidazo imetumika kwa kila tumbo la kuhara, na bakteria wengi wameshaizoea. Basi mweleze daktari antibayotiki ulizokwisha kutumia, hata zile za kikohozi, maana hilo hubadilisha chaguo lake.

Tarajia uchungu mdomoni, kichefuchefu na choo kulegea. Bismathi inafanya choo kuwa cheusi na hilo halina madhara. Pombe iache kabisa kama umepewa metronidazo. Na tafadhali usigawane dozi na mume au mke wako "ili wote tupone". Nusu dozi kwa watu wawili inawafundisha bakteria wa watu wawili.

Nimemaliza dawa na tumbo limetulia. Kuna haja ya kupima tena?

Ndiyo, hata kama huna maumivu yoyote. Subiri angalau wiki nne baada ya kidonge cha mwisho cha antibayotiki, acha omeprazo wiki mbili, kisha pima choo au pumzi. Kwenye utafiti ule wa Korea, waliothibitika kuondokewa na bakteria waliougua saratani walikuwa asilimia 0.8, na waliobaki naye asilimia 2.9. Faida ilikuja kwa bakteria kuondoka, si kwa dawa kumezwa.

Kama bado yupo, dozi ya pili iwe ya dawa tofauti na ya kwanza.

Na kama ameondoka lakini tumbo bado linauma?

Hutokea. Kuna tumbo linalouma bila kidonda wala bakteria, kuna nyongo, na kuna vidonge vya maumivu kama diclofenac na aspirini vinavyochubua tumbo. Rudi ukachunguzwe, usirudie antibayotiki kwa kubahatisha.

Juisi ya kabichi, asali, mlonge, shubiri?

Asali na kabichi ni chakula kizuri. Hakuna kati ya hivi kilichothibitishwa kumwondoa H. pylori kwa binadamu. Anayekuuzia chupa kwa ahadi ya "kung'oa mizizi" mwombe kipimo cha choo cha kabla na cha baada.

Nimempata wapi? Nitawaambukiza watoto?

Huenda ulimpata ukiwa mtoto, nyumbani. Hupita mdomo kwa mdomo, kwa matapishi, na kwa kinyesi kinachofika kwenye maji au chakula. Nyumba yenye watu wengi na maji ya shida humsambaza kwa urahisi. Kumtafunia mtoto chakula ni desturi ya upendo, lakini ni bora iachwe. Nawa mikono, chemsha maji. Huna haja ya kutenga sahani wala kumkwepa mwenzako. Watoto wasio na dalili kwa kawaida hawapimwi. Watu wazima wa nyumba moja wanaweza kupimwa, na wakikutwa naye watibiwe pamoja kila mtu kwa dozi yake kamili.

Nikitibiwa, hatari ya saratani inaisha kabisa?

Inategemea ukuta wako umefika wapi. Akiondolewa kabla tezi hazijafa, hatari inashuka sana. Seli za utumbo zikishaota, dawa bado inasaidia lakini hatari haifutiki, na daktari anaweza kutaka kukuangalia kwa OGD kila baada ya miaka michache. Uliza majibu ya vipande vyako, na uyatunze. Hata waliotolewa saratani changa kwa mpira wa OGD hunufaika: Korea, uvimbe mpya uliwatokea asilimia 7.2 ya waliotibiwa bakteria, dhidi ya 13.4 ya wasiotibiwa.

Kuna limfoma (saratani ya seli za kinga) moja ya tumbo, iitwayo MALT, ambayo ikiwa changa mara nyingi husinyaa kwa antibayotiki pekee. Hadi leo nashangaa nikilifikiria hilo.

OGD inauma?

Inakera kuliko kuuma. Unafunga usiku, unapuliziwa ganzi kooni, mpira wenye kamera unapita, na kwa kawaida dakika kumi zinatosha. Kama unaogopa sana, uliza dawa ya usingizi mwepesi.

Dalili gani zisisubiri wiki hata moja?

Kutapika damu au kitu kama unga wa kahawa. Choo cheusi cha kunata ilhali hutumii bismathi wala vidonge vya madini ya chuma. Kupungua uzito bila kukusudia. Chakula kukwama. Kushiba kwa matonge machache. Kutapika kila siku. Kuishiwa damu bila sababu inayojulikana. Hapo usianze na duka la dawa, nenda moja kwa moja penye OGD, na ukiambiwa "ni asidi tu" bila kuchunguzwa, omba rufaa kwa maandishi.

Kuna chanjo?

Iliyo sokoni, hapana. China iliwajaribu watoto zaidi ya 4,000 kwa chanjo ya kunywa, matokeo yakachapishwa 2015: katika mwaka wa kwanza ilipunguza maambukizi kwa takriban asilimia 72. Haijafika kwenye kliniki zetu.